Kikombe Kando ya Kontena

Kambi ya Paneli, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Sauti iliyonifuata mpaka huku ni ile ya bisibisi kugonga jino lako. Mitambo ikinyamaza jioni, naisikia: ki, kama kijiko kwenye ukingo wa bilauri. Ilikuwa asubuhi ile ya mwisho, mkoba wangu uko begani, wewe umeinamia jenereta ya mwenye duka la dawa, na badala ya kuweka mpini wa bisibisi sikioni kama ulivyonifundisha nilipokuwa mdogo, umeuuma kwa meno. Nikakuuliza, "Baba, siku hizi unakula bisibisi?" Hukunijibu. Ulitabasamu tu bila kuinua macho. Kisha ukasema, "Fyuzi, njoo unisikilizie huyu, ananificha kitu." Nikakuambia basi litaniacha, na kwamba mashine hizo zenyewe zinaaga dunia, za nini kuzisikiliza.

Basi lilichelewa kuondoka. Nilikaa dirishani nikiwa na muda wa kusikiliza jenereta za mtaa mzima.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Siku ukipokea unasema "Haya, haya, vizuri," hata nikikuuliza umekula nini, halafu unakata. Shangazi anasema u mzima. Basi nimejua: umenikasirikia. Ulinisomesha kwa jasho la jenereta, nami nimekwenda kufanya kazi kwenye umeme unaozifukuza jenereta mjini. Asante ya punda ni mateke, utakuwa unasema kimoyomoyo.

Huku ni tambarare tupu. Paneli zimepangwa safu kwa safu, zinageuza nyuso kulifuata jua polepole, kama watu wanaomtazama mgeni akipita. Mchana tunavuna, tunausukuma umeme kwenye nyaya mpaka jijini, na pale mtaani kwenu yale makontena meupe ya betri nyuma ya soko yanaumeza na kukaa nao tumboni. Jua likitua, ndipo yanautoa, watu wakawasha taa. Wageni wakija kutembelea kambi nawaambia betri ni mtungi tu. Aliyechota mchana hana haja ya kwenda kisimani gizani.

Sasa sikiliza. Kituo hicho cha betri kinatafuta mwangalizi wa mchana. Mhandisi mkuu aliniuliza kama namfahamu mtu wa mtaa huo anayezijua mashine. Nilikutaja kabla hajafunga mdomo. Nimejua kutoka kwa shangazi kwamba wateja wamepungua. Usikatae kwa ajili ya kunikomoa.

Mwanao,
Fyuzi


Uani, 15 Februari

Fyuzi mwanangu,

Marahaba. Sina hasira. Mtu hakasirikii mvua kwa sababu anauza maji. Hiyo simu ni mbovu, spika yake imekufa, na fundi wa simu ni mwongo kuliko mimi. Niandikie tu. Barua haina kelele za mtandao.

Ukirudi mtaa huu utakupotea. Pale palipokuwa uwanja wa mpira, ng'ambo ya kituo chenu, wanachimba msingi wa ghorofa. Kila mtu anasema idadi yake ya ghorofa. Mwenye duka la dawa amefika ishirini, na bado asubuhi. Nyumba zimebanana mpaka kivuli cha jirani kinalala kitandani kwako. Kila paa lina paneli. Mshonaji amefunga mbili, cherehani zake hazipumui, naye ananitania: "Sikio, niuzie jenereta moja nipande maua." Nikamwambia maua yatanuka dizeli, na yeye tayari ananuka vya kutosha.

Kuku wa shangazi yako ameanza kutagia ndani ya ile jenereta ya manjano. Angalau inazalisha kitu.

Ile ya mwenye duka la dawa niliifunga, nikamrudishia. Ilikuwa kweli ananificha kitu. Kifimbo cha pistoni kilikatikia tumboni, kikatoboa kila kilichokuwa mbele yake. Hakunigombeza. Alinunua betri.

Kuhusu kazi. Niambie kwanza, ni kazi ya kuangalia au ni kazi ya kusikiliza? Mtu wa umri wangu lazima ajue anaitiwa nini.

Babako,
Sikio


Kambi ya Paneli, 24 Februari

Baba,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka nikamwaga chai. Kuangalia au kusikiliza! Ni kazi ya kukaa, baba. Unakaa kibandani, unaangalia geti, unafagia vumbi kwenye matundu ya hewa. Ndani kuna pampu inayozungusha maji ya kuzipoza betri zisipate homa. Ikisimama, king'ora kinalia, na kituo kinajizima chenyewe. Kisipojizima, mwangalizi anakwenda kwenye swichi kubwa nyekundu, anaishusha, basi. King'ora chenyewe maiti atakisikia, sembuse wewe.

Mhandisi mkuu aliuliza kama masikio yako ni mazima baada ya miaka yote hiyo ya kelele. Nilimcheka usoni. Nilimwambia mtaa mzima unakuita Sikio, na kwamba utotoni nilikuona ukitambua skrubu iliyolegea kwenye mashine iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Akasema, "Basi huyo si mwangalizi, ni mganga." Kazi ni yako. Wanakusubiri tarehe moja.

Nakuomba ukubali. Nikifikiri umekaa kwenye ua usio na mteja, ukiwapangusa vumbi wagonjwa ambao hakuna atakayekuja kuwachukua, silali vizuri.

Mwanao,
Fyuzi


Uani, 20 Machi

Fyuzi,

Marahaba. Nimeanza. Wamenipa fulana yenye mistari inayong'aa. Shangazi yako anasema nimefanana na pundamilia aliyestaafu.

Mashine zako zina adabu. Hazina moshi, hazitapiki mafuta, hazihitaji kubembelezwa asubuhi. Nimeweka kikombe changu cha maji chini, kando ya kontena, pale bati linapokutana na sakafu, na hicho ndicho mwenzangu kazini. Nakitazama, nacho kinanitazama.

Jioni ya kwanza nilichelewa kuondoka makusudi. Jua lilipozama taa za mtaa zikawaka, moja baada ya nyingine mpaka kwenye zahanati kule juu. Mshonaji akanipigia makofi kana kwamba nimeziwasha mimi. Nikawaza kwamba taa hizi zimetoka kwa mwanangu mchana, zikapumzika hapa mbele yangu, na sasa zinakwenda kwa watu. Miaka yote nimewasha jenereta za harusi na za mahakama, na sijawahi kuona fahari kama ile.

Nilikuwa nataka tu ujue hilo.

Babako,
Sikio


Kambi ya Paneli, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kile kipande cha taa nimewasomea wenzangu wakati wa chakula. Mmoja alijifanya ana vumbi jichoni.

Lakini kikombe, baba! Maji kando ya kontena la betri! Wewe ndiye uliyenipiga kofi mkononi kwa kusogeza chai karibu na ubao wa nyaya. Mkaguzi akipita akakiona, utafukuzwa, na mimi nitachekwa mpaka nistaafu. Kitoe leo. Kiweke kibandani kwako karibu na geti, unywe huko huko. Kama kiu ni kubwa, nitaomba wakuletee mtungi.

Mwanao anayekupenda, hata akikugombeza,
Fyuzi


Uani, 11 Aprili

Fyuzi,

Marahaba. Nimekitoa. Kipo kibandani, chini sakafuni. Zege ni lile lile, limeungana mpaka kwenye kontena, kwa hiyo nadhani kitatosha.

Ng'ambo wameanza kushindilia nguzo za ghorofa. Wana nyundo kubwa kama nyumba. Ardhi yote inacheza ngoma.

Babako,
Sikio


Kambi ya Paneli, 29 Aprili

Baba,

Nimejaribu kuanza na shikamoo, mkono umegoma.

Nimesoma taarifa yote. Pampu ilisimama mchana kweupe. King'ora kililia mpaka watu wa sokoni wakaziba masikio. Swichi ya kujizima ikakwama, na ni kwa ajili ya siku kama hiyo tunaweka mtu pale. Mshonaji amesema alipiga kelele getini, akakuona kibandani umekaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama kifuani, hukutikisika. Aliruka uzio. Alipokushika bega, moshi ulikuwa tayari umejaa.

Kontena zima limekwisha. Zahanati imemwaga chanjo zilizoharibika kwenye friji. Mtaa wako uko gizani, na watu wamezitoa jenereta mafichoni. Nadhani sasa wateja watarudi.

Tuliitwa sote chumba cha mikutano. Mhandisi mkuu alisema, "Kumbe tulipewa jina la utani lisilo sahihi. Si Sikio, ni Usingizi." Watu wakacheka. Nami nilicheka, baba, kwa sababu mbadala wake ulikuwa kulia mbele yao.

Nilitumia jina langu kukupatia nafasi ile. Mwezi ujao walikuwa wanipe mradi wa betri za jiji zima, vituo vyote. Sikukuomba uielewe kazi yangu. Nilikuomba ukae macho tu. Kama mashine zangu zilikuudhi, ungezitukana, ungezipiga teke. Kulala mbele ya mashine hizo ni dharau ambayo hata adui asingenifanyia.

Kamati ya uchunguzi itakaa mwanzoni mwa Juni. Nitatakiwa kusema kitu. Sijui nitasema nini.

Fyuzi


Uani, 6 Mei

Fyuzi,

Ni kweli. Nililala. Joto lilikuwa kali, nikasinzia. Waambie hivyo, usinitetee.

Usije. Njia ni mbovu na mvua haijaisha. Mwandiko wangu usikushangaze, ni uzee.

Babako


Mtaa wa nyuma ya soko, 12 Mei

Kwako Fyuzi,

Sikuamkii. Ukitaka salamu za shangazi utazifuata huku kwa miguu yako.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeikuta chini ya mto wa kaka yangu, imekunjwa kama dawa. Nimeisoma. Ndiyo, mimi ni mmbea, sote tunajua, tuendelee.

Mkono wake wa kulia una bendeji mpaka kwenye kiwiko. Huyo unayemwita mwenye dharau, alipoguswa bega aliingia kwenye moshi akaishusha swichi yenu kwa kiganja kitupu, nayo imeshakuwa kama chuma cha mhunzi. Ndiyo maana limeungua kontena moja, si manne. Kwenye taarifa yenu hilo halikuandikwa? Basi hiyo si taarifa, ni umbea kama wangu. Na anakuandikia kwa mkono wa kushoto.

Sasa nikuulize, msomi wa ukoo. Hujawahi kujiuliza kwa nini anakujibu "haya, haya"? Mimi nikimwambia chai inapoa, ananijibu, ndiyo, mwaka huu mvua nyingi. Nilidhani ni ukaidi, kwa sababu ukaidi tunao. Kisha siku moja nilimkuta redio iko wazi haina stesheni, inapiga shwaa, shwaa, nyumba nzima kero, naye amekaa mbele yake ametulia, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza habari. Nikaizima. Hakugeuka.

Kaka yangu hasikii, Fyuzi. Sikio la kushoto lilikwenda wewe ukiwa chuoni. La kulia likalifuata mwaka jana. Ilikuwa hivyo siku ulipoondoka na mkoba wako. Alikuomba umsikilizie mashine kwa sababu masikio yaliyobaki nyumbani humo yalikuwa yako.

Aliniapisha nisiseme. Alisema, "Fyuzi akijua ataacha kazi aje kuniuguza, na ile kazi ndiyo furaha yake." Nikaapa. Leo nimevunja. Nyuma ya mlango wake kuna bakuli la maji, nikamuuliza kwa ishara kama amefuga paka. Akacheka, akanionyesha. Mtu akikanyaga kizingiti, maji yanacheza, ndipo anajua kuna mgeni. Siku hizi nikifika napiga mguu chini kama askari wa gwaride. Majirani wanadhani nimerukwa na akili.

Hujui ulimwandikia nani barua ile. Sasa unajua.

Shangazi yako


Kambi ya Paneli, 17 Mei

Baba,

Shikamoo.

Shangazi ameniandikia. Usimgombeze.

Nimeandika kurasa nne, nimezichana. Kila sentensi ilikuwa inaniuliza mimi, si wewe. Nimezisoma tena barua zako zote tangu Februari, nazo zimekuwa barua nyingine. "Kuangalia au kusikiliza." Nilimwaga chai kwa kucheka.

Nina swali moja tu, na nakuomba unijibu kweli. Kile kikombe kilikuwa cha nini?

Mwanao,
Fyuzi


Uani, 25 Mei

Fyuzi mwanangu,

Marahaba. Shangazi yako angekuwa redio, wangemtengeneza bila swichi. Midomo ya watu naisoma nikiwatazama usoni, nusu napata, nusu nabahatisha; simu ndiyo haina mdomo.

Haya, kikombe. Pampu ikizunguka, sakafu inatetemeka kidogo sana. Mguu hauwezi kuhisi, lakini maji yanahisi. Yanafanya viduara vidogo juu, kimoja ndani ya kingine. Pampu ikisimama, maji yanakuwa kioo. Kabla ya kukubali kazi nilikwenda kituoni, nikajifanya namtembelea mwangalizi wa zamu nyingine, nikakiweka kikombe chini nikatazama. Fundi wao akaizima pampu kuisafisha. Maji yakatulia kabla hajatoka nje. Nikasema, nitaiweza. Sikukubali ili nikufurahishe tu. Niliona nitaiweza.

Nawe ukaniambia nikihamishe. Ningekujibu nini? Ulikuwa umesema kweli, mimi ndiye niliyekufundisha maji na umeme havikai pamoja. Nikakihamishia kibandani. Kwa wiki mbili kilifanya kazi, viduara vikiwa dhaifu zaidi, kwa hiyo nilikuwa nikiinama karibu.

Siku ile nilikitazama kuliko siku zote, kwa sababu ya joto. Maji yalikuwa yanacheza vizuri. Nikaridhika. Sikuondoa macho hata kunywa. Kumbe pampu ilikwisha kufa, na kilichokuwa kikiyachezesha ni ile nyundo ya ghorofa ng'ambo. Kibanda kiko karibu na barabara kuliko kontena. Hilo sikulipima. Nilijua kupima mashine, sikujua kupima mji.

Usijibebeshe lawama. Mkono unapona, ninashika kijiko.

Sasa mimi nina ombi, na sijakuomba mengi tangu uzaliwe. Kwenye kamati yao acha neno libaki lilivyo, nililala. Mtu aliyelala huamka, atataniwa wiki mbili, yatakwisha. Lakini Sikio asiyesikia ataitwa nani? Jina hilo ndilo lililoniletea kazi, ndilo lililomfanya marehemu mama yako ageuke kunitazama, ndilo lililokulipia shule. Sina lingine. Na wewe watasema ulimweka kiziwi kulinda moto, wakunyime vituo vyako. Uongo huu ni mdogo, nao unatusitiri wote wawili. Uache.

Babako,
Sikio


Kizingitini kwako, 5 Juni

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ilinifikia siku moja kabla ya kamati. Niliingia chumbani mle nimeamua kukutii. Naapa kwa kaburi la mama. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hiyo sentensi njiani: "Mwangalizi alilala." Maneno mawili tu.

Walikaa upande mmoja wa meza ndefu, mhandisi mkuu katikati. Katibu akasoma: mwangalizi alikutwa amelala kazini, iandikwe uzembe, vituo vingine waajiriwe vijana. Mzee mmoja wa bodi akamnong'oneza mwenzake, "Hawa ukiwapa kivuli tu wanakoroma." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wanaosubiri chakula cha mchana. Mhandisi mkuu akaniangalia mimi, kwa huruma kabisa. "Mwenzetu, una la kuongeza? Si lazima."

Angenitazama kwa ubaya ningenyamaza. Lakini nilimwona anavyonihurumia kwa kuwa na baba wa namna hiyo, na nikakiona kigoda chako, na shingo yako imeinama juu ya kikombe, saa baada ya saa, mtu wa pekee katika kituo kizima aliyekuwa macho. Nikasimama.

Niliwaambia hukulala. Niliwaambia husikii, na kwamba nilipoulizwa habari ya masikio yako nilijibu kwa kicheko. Hawakuelewa habari ya kikombe, kwa hiyo niliomba bilauri ya maji, nikaiweka mezani, nikaugonga mguu wa meza kwa kiatu. Wakainama wote kutazama viduara. Baba, laiti ungewaona. Wakubwa wale wote, vichwa vimeinama vifuani. Nikamwambia katibu, "Hivi ndivyo alivyokutwa. Andika wamelala."

Hakuna aliyecheka.

Wamefuta neno "uzembe." Wameandika "hasikii." Mkono wako umeandikwa pia, na makontena matatu uliyoyaokoa. Kila kituo kitafungwa taa nyekundu inayozunguka pamoja na king'ora, na kengele ya mtetemo ya kuvaa kiunoni. Mhandisi mkuu alinifuata nje akasema, "Ungetuambia hili Februari, tungemfungia taa." Sikulijua Februari, na sababu ya kutolijua ni kwamba basi lingeniacha.

Mradi wa betri za jiji wamempa mwingine. Sikupinga. Nimerudisha funguo za kambi na kuomba likizo isiyo na tarehe ya mwisho, wakakubali upesi kuliko nilivyotarajia.

Sikuja kukuambia kwamba nilifanya vizuri. Ulinikabidhi jina lako nilitunze, nami nimelitoa mbele ya watu ambao hawakulistahili. Kesho mshonaji atajua, keshokutwa soko lote. Kuna atakayeanza kukupigia kelele kama unavyopigiwa mtoto, na kuna atakayesema mambo mbele yako akidhani hupo. Hayo nimekuletea mimi. Yananiuma tangu juzi na sidhani yataacha.

Nimefika na basi la asubuhi. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimegonga, nikakumbuka, kisha nikagonga tena, maana mkono una mazoea yake. Kupitia dirishani nauona mgongo wako. Umeinamia ile jenereta ya manjano, kuku amesimama kando anasubiri umalize na nyumba yake. Mpini wa bisibisi uko mdomoni, meno yakifanya kazi ya sikio. Kutoka hapa siisikii ile sauti ya jino.

Nimepiga mguu kizingitini kama anavyofanya shangazi, kwa nguvu, mpaka mwanamke mmoja ameniuliza kama nimeumwa na siafu. Hukugeuka. Kisha nimeelewa. Nyundo ya ghorofa inapiga ng'ambo, na bakuli lako tangu asubuhi linacheza lenyewe. Siku hizi linakuambia kila wakati kwamba kuna mtu mlangoni, nawe umeacha kuliamini.

Kwa hiyo barua hii inapita chini ya mlango. Ukiiona usifungue upesi. Isome kwanza mpaka mwisho, uwe na hasira zako zote, mimi nipo hapa na sijakata tiketi ya kurudi. Uliniomba niache neno libaki lilivyo. Sikuliacha, baba. Nimeshawaambia.

Mwanao,
Fyuzi